Mpinzani ndo anakujua: kwa nini stori za fantasia tulivu na mahaba ya washindani zinanoga

Ukimwelezea mtu ambaye hajawahi kuzisoma atakushangaa. Stori ina uchawi lakini hamna vita, kuna joka lakini kazi ya joka ni kuwasha jiko, kuna watu wawili wanagombania kitu kidogo tu, labda kibanda cha biashara au cheo cha mganga wa kijiji, na wewe msomaji toka ukurasa wa tano ushajua hawa wataishia kupendana maana hata jalada limeshasema, wamechorwa wamepeana migongo huku kila mmoja anamwibia mwenzie jicho. Yaani hakuna siri. Afu bado inafika saa nane usiku Shangani yote hapa Mtwara imelala, we uko macho, simu imebaki asilimia nne na unajiambia namalizia hii sura tu. Sasa utamu uko wapi?

Wengi wanajibu harakaharaka eti ni vitabu vya kupumzisha akili, basi. Sawa, lakini hata usingizi unapumzisha akili na hakuna anayelala huku kauma shuka anacheka peke yake. Humu kuna vitu vimesukwa pamoja, utulivu, ushindani, uchawi na mahaba, na kila kimoja kinamfanyia mwenzie kazi ambayo peke yake asingeiweza. Ngoja tufumue.

Tuanze na utulivu maana ndo unaodharauliwa. Fantasia tuliyoizoea ni ya ufalme unaoanguka, mfalme wa giza, majeshi yasiyohesabika na kijana yatima ambaye dunia nzima inamtegemea yeye. Hizi tulivu zimeachana na hayo yote. Kitabu kilichozifanya zijulikane sana ni Legends & Lattes cha Travis Baldree, Mmarekani ambaye pia ni msimulizi wa vitabu vya sauti, alikichapisha mwenyewe 2022 na mwaka huohuo kampuni ya Tor ikakichukua. Kinamhusu mwanamke wa jamii ya maorki, mpiganaji wa kukodiwa, kachoka kuua anaamua kufungua mgahawa wa kahawa kwenye mji ambao watu wake kahawa hata hawaijui. Ndo hivo tu. Kununua banda, kutafuta fundi, kumpata mtu anayejua kuoka. Kilitoka wakati watu wamechoka na corona na habari za vifo kila siku, na nyuma yake zikafuata nyingi.

Wanaozidharau wanasema humo hakuna kinachotokea. Mi nawakatalia. Kinatokea kitu kidogo ukikiangalia toka nje, ila kwa mwenyewe ni kila kitu. Mtu wa Newala au Tandahimba anayesubiri bei ya mnada wa korosho, bei ambayo ndo itaamua kama mwaka huu bati zinapanda juu ya nyumba au mtoto anarudi shule na sare ileile ya mwaka jana, huyo hahitaji kufundishwa kwamba jambo dogo linaweza kumnyima mtu usingizi. Ufalme ukianguka kitabuni yeye hatoki jasho. Kibanda cha chai kikitaka kufungwa kwa sababu kodi ya miezi miwili haijalipwa, hapo anajiweka sawa kwenye mkeka anauliza enhe, ikawaje?

Kuna kazi nyingine utulivu unaifanya kimyakimya. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walichapisha utafiti walioufanya Canada kwenye daraja la Capilano, lile la kuning'inia linaloyumba, mita 70 hivi juu ya mto. Wanaume waliovuka walikutana na dada anayewauliza maswali, mwisho anawapa namba yake ya simu. Wengine walikutana na dada huyohuyo kwenye daraja la chini, imara, lisilotisha. Wa daraja la juu ndo walimpigia zaidi. Tafsiri yao ilikuwa kwamba moyo ulikuwa unadunda kwa woga, wenye moyo wakadhani ni mapenzi. Sasa angalia stori za mahaba ya vita na majanga, zinaishi juu ya daraja hilo. Wamekimbizwa na majitu, wamejificha pangoni, nguo zimelowa, wakabusiana, na msomaji naye moyo unamwenda mbio anakubali kila kitu. Fantasia tulivu imelikata daraja. Hamna anayewakimbiza. Mwandishi hana pa kujificha tena, lazima akuonyeshe huyu anampendea nini yule, na akuonyeshe kwenye mambo ya kila siku, kupima unga, kufagia kibaraza, kuhesabu chenji.

Hapo ndo anaingia mpinzani.

Jiulize nani anaijua kazi yako kuliko watu wote. Mama yako atakusifia hata ukiunguza. Rafiki yako anasema iko poa huku anachezea simu. Mteja anataka chenji yake aondoke. Ila yule anayeuza kitu hichohicho upande wa pili wa barabara, yule anajua kwamba umebadilisha mafuta, anajua sukari umepunguza toka bei ipande, anajua jana ulichelewa na leo umevaa kitenge kipya. Anakuangalia kuliko mtu yeyote duniani. Sababu yake mbaya, sawa, lakini macho ni macho, na kutazamwa kwa makini hivo ni kitu ambacho wengi wetu hatukipati hata kwa tunaolala nao nyumba moja. Kwa hiyo mpinzani anaanza stori akiwa tayari ameshafanya nusu ya kazi ya mpenzi, amekujua, na msomaji anachosubiri ni nia yake ibadilike. Mi nikiulizwa kiini cha aina hii ya stori nasema ni hicho, vingine vyote vinakihudumia.

Na sifa ya mpinzani ina uzito wake. Elliot Aronson na Darwyn Linder mwaka 1965 walifanya jaribio na wanafunzi wa kike wa chuo Marekani, kila mmoja akawa anasikia mara kadhaa mtu mwingine akimzungumzia. Wapo waliosikia sifa mwanzo mwisho, wapo waliosikia kukosolewa mwanzo mwisho, wapo walioanza kwa kukosolewa wakaishia kusifiwa, na wengine kinyume chake. Ungedhani aliyekusifia toka mwanzo ndo utampenda zaidi. La. Aliyependwa zaidi ni yule aliyeanza kwa kukosoa akaja kubadilika. Ukitafakari inaeleweka, anayekusifia siku zote labda anamsifia kila mtu, ila huyu aliyekuwa hakukubali afu kakubali, hiyo umeitolea jasho. Ndo maana mpinzani kwenye sura ya kumi na nne akisema kwa kununa "hiki... si kibaya", msomaji anatupa simu kitandani anazunguka chumba. Maneno matatu tu bana!

Watu wanachanganya wapinzani na maadui, na hapa ndo mkanganyiko mkubwa upo. Adui kaua baba yako, kachoma kijiji, anataka ufe. Zipo stori za maadui wanaopendana na zina wapenzi wake wengi, lakini zile lazima zimalize kesi ya damu kwanza, kuna kutubu, kuna kusamehe, na mara nyingi msomaji anabaki na dukuduku kwamba hivi kweli huyu dada kasahau? Mpinzani hana kesi ya damu. Wote wawili wanataka kitu kimoja, kitu chenyewe kizuri, na hakiwezi kugawanywa. Kwa kutaka kitu kimoja maana yake wanathamini kitu kimoja, wanaamka saa zilezile, wanaumwa mgongo palepale. Wanafanana kuliko wanavyokubali. Heather Fawcett kwenye kitabu chake cha kwanza cha Emily Wilde, 2023, kawaweka wasomi wawili wa chuo kikuu, wote wanatafiti majini ya Kizungu, mmoja mchapakazi asiyejua kukaa na watu, mwenzie mvivu mwenye maneno matamu ambaye kila mtu anampenda. Hawana haja ya upanga. Kugombania nani ataandika utafiti bora kunatosha. Na si jambo jipya, Shakespeare mwishoni mwa miaka ya 1590 alishawaweka Beatrice na Benedick jukwaani watukanane kwa ufundi mpaka kila aliyewasikia akajua hawa wana lao jambo.

Maelezo matupu hayatoshi, acha nitunge kidogo hapahapa Mikindani ili tuone mashine inavyozunguka.

Somoe anapika vitumbua chini ya mti wa mkungu unaotazama ghuba. Jiko lake lina jini mdogo mwenye hasira za karibu, haliwaki bila kuhadithiwa kisa kipya kila alfajiri. Bakari ni muuza kahawa, dele la shaba na vikombe vinavyogonganagongana, na kahawa yake ukinywa kikombe kimoja huwezi kusema uongo mpaka kivuli kihame. Kivuli cha mkungu ni kimoja. Wamegombana toka kusi ianze, huyu anasema moshi wa jiko unaharibu harufu ya buni, yule anasema wateja wake wakishakunywa hiyo kahawa wanamwambia ukweli wote kuhusu vitumbua na yeye hakuwaomba. Bi mkubwa mmoja wa barazani kachoka nao, kawaambia atakayeuza zaidi mpaka mwisho wa mwezi ndo abaki.

Afu Somoe anapata oda ya harusi, vitumbua mia tatu kabla jua halijapanda, na usiku huohuo jini ananuna. Jiko limezimika. Unga umeumuka unakaribia kumwagika, visa vimemwishia, yuko amechuchumaa pale na kikaango cha baridi. Bakari anatokea gizani na jiko lake la makaa yanayowaka, analisukuma chini ya kikaango, wala hasalimii. Somoe anamuuliza umekuja kunicheka? Anajibu: "Sijaja kukusaidia mimi. Nimekuja kuhakikisha ukishindwa unashindwa na mimi, si na jini."

Angalia jibu hilo limebeba nini. Kiburi kipo palepale, hajashuka hata kidogo, kama angekuja na maneno laini tungejua mwandishi kamlainisha kwa lazima. Lakini ndani yake kasema kwamba ushindi dhidi yako nikiupata bila wewe kuwa mzima hauna maana kwangu, na kasema kwamba alikuwa macho usiku huo anaangalia jiko la mwenzie kama linawaka. Ameungama kila kitu na hajasema lolote. Lugha ya ushindani inampa mwanaume asiyejua kubembeleza njia ya kubembeleza. Na uchawi nao unafanya kazi yake, maana nimekuambia kahawa ile inazuia uongo, sasa msomaji makini atakuwa ameshaona toka sura ya tatu kwamba Bakari huwa hanywi kahawa yake mwenyewe Somoe akiwa karibu. Kwenye riwaya ya kawaida ungehitaji kurasa nyingi za mtu kujisemea moyoni. Hapa kikombe kisichonyweka kimemaliza.

Ile kuwashwa jiko pamoja nayo si ya bahati mbaya. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka watoto wa kiume 22, miaka kumi na moja hivi, kwenye kambi ya Robbers Cave kule Oklahoma, wakawagawa makundi mawili, wakawashindanisha michezo mpaka wakafikia kuchomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Kisha wakajaribu kuwapatanisha. Kuwakalisha pamoja kula na kuangalia filamu hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichosaidia ni shida ya wote. Maji ya kambi yakakatika ikabidi watafute tatizo pamoja, gari la chakula likagoma wakalivuta wote kwa kamba. Waandishi wa hizi stori wanalijua hilo hata kama hawajawahi kulisikia jina la Sherif. Ukitaka kuwasogeza wapinzani usiwape chakula cha usiku na mishumaa, wape jiko lililozimika na vitumbua mia tatu.

Sasa sisi wa huku kusini haya mambo tusijifanye tunayasikia leo. Utani tumeukuta. Simba na Yanga, zilizoanzishwa 1936 na 1935, magazeti yakiwataja hayasemi maadui, yanasema watani wa jadi, na nyumba ngapi Mtwara mume Yanga mke Simba, siku ya dabi chakula kinapikwa mapema maana jioni hamna wa kusemezana. Utani wa makabila simulizi zake nyingi zinaanzia kwenye vita vya zamani au kwenye misafara ya biashara, watu waliopigana au waliotembea pamoja wakaishia kupeana ruhusa ya kudhihakiana. Na ruhusa hiyo ina deni. Mtani ndo anakuja msibani kwako kufanya vituko, anamuigiza marehemu, anazuia shughuli mpaka apewe chochote, na yeye huyohuyo anashika jembe la kuchimba kaburi. Adui hakuzikii.

Ila kinachogusa mada yetu zaidi ni mabinamu. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, jamii zenye kufuata ukoo wa mama, mtoto wa mjomba au wa shangazi ni mtani wako, unamwambia maneno ambayo ndugu mwingine ukimwambia kikao kinaitishwa. Na kwa mila za zamani huyohuyo ndo unayeruhusiwa kumuoa. Binamu nyama ya hamu, watu wanasema wakicheka, lakini angalia mila imepanga nini: anayeruhusiwa kukutukana na anayeruhusiwa kukuposa ni mtu mmoja. Riwaya ya wapinzani inafanya jambo hilohilo. Inatengeneza uwanja ambao ukali una mipaka, maneno yanaruka lakini kila mtu anajua hakuna atakayeumizwa kwelikweli, na ndani ya uwanja huo watu wawili wanaweza kupimana nguvu, akili na uvumilivu muda mrefu kabla ya kukubaliana lolote.

Uchawi nao kwenye fantasia tulivu kazi yake kubwa ni kuulinda huo uwanja. Kwenye maisha ya kweli mshindani wako akikushinda unakosa hela ya kula, na mtu aliyekunyima chakula ni vigumu kumpenda. Kwenye fantasia mwandishi anaweza kupanga dunia ambayo kushindwa kunauma bila kumlaza mtu njaa. Na simulizi zetu zinayo hiyo. Hadithi ya Kilwa Kisiwani inasema mgeni wa Kiajemi alikipata kisiwa kwa mtawala wake wa mwanzo kwa kutoa vitambaa vya kukizunguka kisiwa chote. Ardhi nzima, kwa urefu wa nguo! Mwandishi wa fantasia tulivu angekuambia hapo aongezwe mfuma nguo mmoja wa upande wa mtawala, mkaidi, anayepima kila pima mara mbili akitafuta kasoro, na mpimaji mwenzie wa upande wa mgeni asiyekubali kasoro ipatikane, wazunguke kisiwa hatua kwa hatua wakibishana mpaka mwisho wa ufukwe. Nguo ikaisha, wao hawajamaliza.

Hizi stori zinaharibika vipi? Sana tu, na nyingi. Ya kwanza ni pale ushindani unapokuwa dharau. John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyekaa miaka mingi akiwarekodi wanandoa wakigombana, alisema dalili mbaya kuliko zote za ndoa inayokwenda kuvunjika ni dharau, kugeuza macho, kumkebehi mwenzio ukijiona uko juu yake. Hasira siyo, watu wanakasirika na wanakaa. Bakari akisema vitumbua vyako leo havijaiva, huo ni ushindani. Akisema nyinyi mliolelewa bila baba hamjui kupika, hapo kitabu nimefunga. Mpinzani mzuri anapiga kwenye kazi, kidonda anakijua kilipo na anakiruka makusudi, na msomaji anamuona anavyokiruka. Ya pili ni pale mmoja ni bosi na mwingine ana njaa, huo siyo upinzani maana mmoja hawezi kujibu. Ya tatu inaniudhi kabisa, ni ile ya kumwambia binti kwamba kijana anamsumbua kwa sababu anampenda. Hizi stori hazisemi hivo, au zile nzuri hazisemi. Kwenye zile nzuri usumbufu unapungua kadri mapenzi yanavyokua, mzaha unabaki, na wote wawili wana uwezo wa kuondoka chini ya mkungu siku yoyote.

Kwa wanaoandika riwaya za kuuza sehemu kwa sehemu kwenye magrupu, msomaji analipia kwa simu ndo anatumiwa inayofuata, kuna hofu kwamba utulivu hauuzi maana kila sehemu lazima ikatike pabaya, mtu kashika kisu, simu imepigwa na marehemu, itaendelea. Hofu hiyo haina msingi kama unao wapinzani. Kila sehemu inakatikia kwenye zamu ya mmoja wao, kafanya lake, na msomaji analipia ili aone mwenzie atajibu nini. Bakari kashusha bei ya kikombe. Somoe kaanza kutoa kitumbua cha bure kwa kila anayekuja na kikombe cha Bakari mkononi. Itaendelea. Unaweza kwenda hivo sehemu thelathini bila kumwaga tone la damu. Kinachowaua wengi ni haraka, sehemu ya tatu wameshabusiana, ya nne wanaapiana, afu ya tano inabidi aletwe mchawi wa mbali au mchumba wa zamani toka Dar kwa sababu mwandishi hana tena cha kugombaniwa.